Majina Makubwa Yanavyozaliwa

Mtu maarufu ni yule anayejulikana na watu wengi kuliko anaowajua yeye. Kijijini pengo hilo halipo. Fundi wa mitumbwi, mganga, hata mwizi wa kuku hutajwa kila siku, lakini wanaomtaja naye anawajua, kwa sura na kwa ukoo. Umaarufu huanza pale jina linapowafikia watu ambao mwenye jina hatawaona maishani. Wanamsifu au wanamlaani, wanabishana juu ya mavazi yake na ndoa zake, naye hana habari kwamba wapo duniani.

Kwa hiyo umaarufu haupimwi kwa mizani ya heshima wala ya ubora wa kazi. Bingwa wa upasuaji aweza kuheshimiwa na madaktari wenzake wote na asijulikane na muuza vocha wa mtaani kwake. Jambazi aweza kujulikana nchi nzima. Mwaka 356 kabla ya Kristo mtu aitwaye Herostratus alichoma moto hekalu la Artemi huko Efeso kusudi jina lake litajwe milele. Waefeso wakamwua na kupiga marufuku kulitaja jina hilo. Mwanahistoria Theopompus akaliandika, na kwa sababu yake linatajwa mpaka leo. Jina halina miguu: likifika mbali limebebwa, na aliyelibeba ana fungu lake katika umaarufu wa mwenye jina. Anayetaka kujua watu wanavyopata umaarufu ataelewa zaidi akiwachunguza wabebaji hao kuliko akimkodolea macho staa peke yake.

Umaarufu una mipaka pia, na mara nyingine mpaka hupita katikati ya mji mmoja. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa wazazi Waparsi. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Ulaya na Amerika hakuna mpenzi wa muziki wa roki asiyemjua. Kwao, hata baada ya kufa kwake mwaka 1991, alibaki kwa muda mrefu kuwa jina linaloulizwa na watalii. Mwaka 2006 ilipopangwa sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, kikundi cha Kiislamu cha Uamsho kilipinga kwa hoja za dini na maadili, na sherehe ikafutwa. Jumba la makumbusho yake lilifunguliwa katika mtaa wa Shangani mwaka 2019. Mtu yuleyule, mji uleule, na bado wageni walikuja kumtafuta mtu ambaye wenyeji wengi hawakuwahi kusikia sauti yake.

Kinywa na kumbukumbu

Kabla ya karatasi na mashine, mbebaji alikuwa mtu mwenye kumbukumbu nzuri. Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na nchi ya mto Tana, amebebwa hivyo kwa karne nyingi, nyingi kiasi kwamba wataalamu wanatofautiana kwa mamia ya miaka kuhusu zama alizoishi. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alipokiandika kisa chake kwa utenzi mwaka 1913, tayari Liyongo alikuwa amegeuka jitu lisilopenywa na chuma, mtu wa kuuawa kwa sindano ya shaba kitovuni tu, tena kwa mkono wa mwanawe. Umaarufu wa kinywa una tabia hiyo. Hauwezi kuhifadhi habari kavu, maana habari kavu haisimuliki. Huhifadhi kile kinachopendeza kusimuliwa, na kila msimulizi huongeza chumvi yake.

Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, alipata wabebaji wa namna nyingine kidogo. Tungo zake zilihusu ugomvi wa Mazrui, watawala wa Mombasa, na Sultani Seyyid Said, mapenzi, madeni na majibizano na washairi wenzake, yaani mambo ambayo mji mzima ulikuwa ukiyazungumza. Watu walizikariri kwa sababu ziliwahusu. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kutoka vichwani mwa watu wa Mombasa, zikaingia katika makaratasi ya mmisionari William Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha Johannesburg. Washairi waliojibizana na Muyaka bila shaka walikuwa na wapenzi wao. Wengi wao leo wanajulikana, kama wanajulikana, kwa kuwa walimjibu Muyaka. Ushindani ni mbebaji wa kale, na utaonekana tena katika makala hii kwa sababu haujawahi kuacha kufanya kazi.

Binti wa Fumba

Katika Afrika Mashariki hakuna mfano unaoonyesha umaarufu ukizaliwa kwa uwazi kama wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia fukara ya watu wenye asili ya bara, akapewa jina Mtumwa. Jina hilo lilieleza mahali pake katika jamii ya wakati ule. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi, naye alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti ambayo wateja waliisikia kabla ya kumwona. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na wanamuziki waliomfundisha kuimba kwa ala, na kikundi kikaundwa kikiwa na mafundi kama Subeti Ambar, Mbaruk Effandi Talsam na Buda Swedi.

Taarabu wakati huo ilikuwa burudani ya jumba la Sultani na ya wanaume wenye nafasi. Iliingia Unguja zama za Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na iliimbwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili. Leo jambo hilo laonekana dogo, lakini liliongeza idadi ya wasikilizaji kwa mkupuo mmoja: mpishi, hamali, mwuza maji na mke wa kadhi wote walielewa kilichoimbwa. Nyimbo zilihusu kesi za mahakamani, wanaume wadanganyifu, wanawake waliodhulumiwa, makarani waliofungwa kwa wizi. Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida, ulijisikia ukisemwa. Kwa kuwa aliimba pia kwa matajiri na katika jumba la Sultani, habari zake zilipanda na kushuka ngazi zote za mji. Jina la Siti, ambalo ni la heshima, alipewa na watu.

Watesi hawakukosa. Walimtungia beti za kumkebehi kwa sura, umaskini na asili yake, naye akawajibu kwa wimbo, akisema kwa maneno yake kwamba uzuri si kitu cha kujivunia mbele ya akili na usemi. Kebehi ile ilimsaidia kuliko kumdhuru. Aliyekuwa hajamsikia Siti alitaka kumsikia kwa kuwa alisikia akitukanwa, na wimbo wa jibu ukadumu kuliko matusi yenyewe.

Mpaka hapo alikuwa maarufu wa kisiwa. Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone ya London, iliyotumia chapa ya His Master's Voice, ilimwita yeye na kikundi chake Bombay kurekodi. Wanahistoria wa muziki humtaja kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri kibiashara. Kampuni ilikuwa na sababu zake: kulikuwa na gramafoni za kuuza, na asiyekuwa na santuri za lugha yake hana haja ya kununua gramafoni. Santuri za Siti ziliuzwa sana kiasi kwamba kampuni nyingine ziliingia sokoni kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Gramafoni moja katika mkahawa ilitosha watu wa mtaa mzima, kwa hiyo hesabu ya santuri zilizouzwa, hata ingekuwa kubwa namna gani, ni ndogo kuliko hesabu ya masikio. Sauti ilifika Mombasa, Dar es Salaam na miji ya bara ambako mwenyewe hakuwa ameimba, na watu wakafunga safari kwenda Unguja kumtazama mwenye sauti.

Santuri ilibadili pia jinsi umaarufu ulivyogawanywa. Mchumi Sherwin Rosen alieleza mwaka 1981 kwa nini teknolojia ya kusambaza kazi huwatajirisha wachache: kama msikilizaji anaweza kumpata mwimbaji anayempenda kuliko wote kwa bei ileile, hana sababu ya kumchukua wa pili. Kabla ya santuri kila mji wa mwambao ulikuwa na mwimbaji wake bora. Baada ya santuri, mwimbaji bora wa mji mdogo alilinganishwa kila jioni na Siti binti Saad. Tofauti ya kipaji kati yao huenda ilikuwa ndogo. Tofauti ya majina ikawa kubwa mno.

Redio, iliyoanza Unguja na Dar es Salaam mwaka 1951, ilikamilisha kazi hiyo, kwa sababu haikumtaka msikilizaji anunue kitu kwa kila wimbo. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, kabla ya redio ya Sauti ya Unguja kuanza kurusha matangazo. Wanamuziki Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, wote wawili wa mji wa Morogoro, walipata walichokikosa wazee wao: wimbo uliorekodiwa studio za redio ya taifa ulisikika Kigoma na Mtwara kwa wakati mmoja. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, msiba ulikuwa wa nchi mbili.

Redio ilizalisha umaarufu wa ajabu zaidi pia. Katika vipindi vya salamu, wasikilizaji walituma kadi wakiorodhesha jamaa na marafiki wa kusalimiwa, na waliotuma bila kuchoka wakawa na majina yaliyozoeleka nchi nzima. Hawakuimba, hawakucheza mpira, hawakugombea ubunge. Walitajwa, basi. Mwanahistoria wa Marekani Daniel Boorstin aliandika mwaka 1961 kwamba zama zake zilizalisha aina mpya ya mtu mashuhuri, anayejulikana kwa sababu ya kujulikana kwake. Aliwalaumu watangazaji na wapiga picha wa nchi yake. Wapiga salamu wa Afrika Mashariki walifika hapohapo kwa kalamu na stempu, na kwa gharama zao wenyewe, jambo linalopunguza kidogo ukali wa lawama ya Boorstin.

Kipaji, bahati na macho ya wengine

Swali linaloulizwa sana ni kama umaarufu huenda kwa wanaostahili. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio lililojibu kwa namna ambayo wenye vipaji na wasio navyo wote hawaipendi. Waliweka nyimbo 48 za bendi zisizojulikana kwenye tovuti, wakapata washiriki 14,341. Kundi moja lilisikiliza na kupakua nyimbo bila kuona wengine wamechagua nini. Waliobaki waligawanywa katika makundi manane yasiyowasiliana, na kila kundi liliona idadi ya upakuaji wa watu wa kundi lake tu.

Kama ubora ndio unaoamua, makundi yote manane yangemaliza na orodha zinazofanana. Haikuwa hivyo. Pale watu walipoona chaguo la wenzao, nyimbo zilizoongoza ziliongoza kwa mbali zaidi, na wimbo ulioongoza katika kundi moja haukuwa lazima uongoze katika jingine. Wimbo ulioshika nafasi ya 26 kwa wale waliochagua bila kuangaliana ulikuwa wa kwanza katika kundi moja na wa 40 katika jingine. Ubora haukupotea kabisa: nyimbo nzuri sana mara chache zilishika mkia, na mbovu sana mara chache zilifika juu. Kwa zilizo katikati, ambazo ndizo nyingi, lolote liliwezekana. Wasikilizaji wachache wa mwanzo, waliopita kwa nasibu, walitosha kuusukuma wimbo, na waliofuata wakaenda kulikokwenda wenzao.

Mwanasosholojia Robert Merton alikuwa ameeleza jambo la jamaa hiyo mwaka 1968 kuhusu wanasayansi: mwenye jina hupewa sifa zaidi hata kwa kazi aliyoifanya pamoja na asiye na jina. Aliyenacho huongezewa. Ndiyo sababu mwanzo mdogo hupiganiwa kwa nguvu zote na mapromota wanaojua kazi yao, na ndiyo sababu pia fedha hupenya hapo. Huko Marekani, mtindo wa kuwahonga watangazaji ili wacheze nyimbo ulizua uchunguzi wa bunge mwishoni mwa miaka ya 1950 na sheria ya kuuzuia mwaka 1960. Wimbo uliolipiwa ukichezwa mara nyingi, masikio huuzoea, na kilichozoeleka hupendwa kwa urahisi.

Kuna wabebaji ambao kazi yao ni kuchagua kwa niaba ya umma. Kamati za tuzo ni mfano. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyeondoka kwao miaka ya 1960 na kuishi Uingereza, alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1987. Mwaka 1994 riwaya yake ya nne, Paradise, iliingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Wahakiki walimjua na wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza walimsoma. Mtanzania wa kawaida hakuwa na njia ya kumfahamu, kwa kuwa riwaya zake hazikuwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Tarehe 7 Oktoba 2021 Stockholm ikamtangaza kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kabla ya siku kwisha, watu ambao hawakuwahi kushika kitabu chake walikuwa wakibishana kama ni Mtanzania, Mzanzibari au Mwingereza, na mjadala wa uraia pacha ukafufuka. Mwaka 2022 Paradise ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Kazi zilikuwa zilezile za siku moja kabla ya tuzo. Kilichoongezeka ni idhini ya kumtaja.

Kinyume chake ni umaarufu uliotokana na kushindwa. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka njiani na kuumia vibaya goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, jua limezama, watazamaji wengi wamekwenda zao, mguu umefungwa bandeji, akachechemea hadi mwisho. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maneno yaliyokuja kunukuliwa dunia nzima kwamba nchi yake haikumtuma mbali hivyo aanze mbio tu, ilimtuma azimalize.

Aliyeshika nafasi ya pili siku ile ni Kenji Kimihara wa Japani. Ni wachache nje ya Japani wanaomkumbuka. Akhwari alialikwa Sydney mwaka 2000, na mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waliokimbia nao. Ujasiri wake hauna shaka, lakini wanariadha wengi wamemaliza mbio wakiwa wameumia. Yeye alikuwa na kamera. Wapiga picha walirudi kumfuata walipoambiwa kuna mkimbiaji bado njiani, na picha zile zikaingia katika filamu za Bud Greenspan, mtengenezaji wa filamu za Olimpiki aliyependa visa vya namna hiyo kuliko orodha za medali. Akhwari bila kamera angekuwa mstari wa chini kabisa kwenye karatasi ya matokeo.

Simu mkononi

Mpaka miaka ya 1990 milango ya kupitia ilikuwa michache: redio ya taifa, kampuni ya santuri au kaseti, gazeti, jukwaa la bendi kubwa. Kuja kwa redio na televisheni binafsi kuliifungua kiasi, na muziki wa Bongo Fleva ulipita humo. Simu yenye intaneti iliiondoa milango mingine kabisa, lakini haikuleta usawa uliotabiriwa. Nyimbo na video zinazopakiwa kila siku ni nyingi kuliko muda wa kuzitazama, kwa hiyo programu za mitandao ndizo huchagua nani aonyeshwe kitu gani, kwa kuangalia kilichowashika watazamaji wa kwanza. Jaribio la nyimbo 48 sasa linaendeshwa kila saa, na washiriki ni mamilioni.

Njia iliyothibitika zaidi ya kuvuka mpaka ni kuazima hadhira ya mwingine. Nasibu Abdul, kijana wa Tandale anayejulikana kama Diamond Platnumz, alikuwa na tuzo na mashabiki nchini tangu 2010. Jina lake lilivuka kwenda Afrika Magharibi baada ya kuurudia wimbo wake Number One akiwa na Davido wa Nigeria. Kolabo kama hiyo humfikisha msanii kwa mashabiki ambao angehitaji miaka kuwapata mmoja mmoja. Mwaka 2020 alitangazwa kuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutazamwa mara bilioni 1 YouTube. Naye hakubaki kubebwa tu. Mwaka 2018 alikuwa ameanzisha televisheni na redio zake za Wasafi, akawa mmiliki wa mlango.

Kili Paul aliazima hadhira bila hata kuwasiliana na mwenyewe. Kijana huyu wa mkoa wa Pwani, mwenye mavazi ya Kimasai, alijirekodi akifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, mara nyingi pamoja na dada yake Neema. Mwaka 2021 video hizo zilienea India, nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, wengi wao wakizijua nyimbo hizo kwa moyo, ambao hawakutarajia kuzisikia kutoka kwenye boma la Tanzania. Februari 2022 ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimtunuku, na Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja kwenye hotuba yake ya redio. Kwao Tanzania, wengi walimfahamu kupitia habari za umaarufu wake India, yaani kwa mlango wa nyuma, kama ilivyokuwa kwa Gurnah.

Ushindani nao umehamia mtandaoni bila kubadilika sana. Miaka ya 1990 mashabiki wa taarabu walijigawa kati ya Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano, na mipasho ikajaza kumbi. Baadaye zikaja timu za Diamond na Ali Kiba. Anayemtukana msanii wa upande wa pili anamtaja, na kumtaja ni kumbeba. Wanaolijua hilo hutengeneza ugomvi, uchumba au talaka ya kutafutia kiki wiki mbili kabla ya wimbo kutoka, na magazeti ya udaku, sasa kurasa za udaku, hufanya zilizobaki. Chawa, yule mpambe anayemsifu staa mchana na usiku kwa malipo au kwa matumaini ya malipo, ni kazi ya zamani iliyopata zana mpya. Masultani walikuwa nao.

Kwa upande wa mashabiki, Donald Horton na Richard Wohl walieleza tangu 1956 kwamba mtazamaji wa televisheni hujenga ukaribu na mtangazaji kana kwamba wanafahamiana, ilhali mazungumzo yanakwenda upande mmoja. Steven Kanumba, mwigizaji aliyeanzia michezo ya televisheni ya kundi la Kaole na kupendwa hadi Kongo, Rwanda na Burundi, alipofariki Aprili 2012, maelfu walijaa viwanja vya Leaders, Kinondoni, wakilia na kuzimia. Wengi wao hawakuwahi kumpa mkono. Huzuni yao ilikuwa ya kweli kwa sababu mazoea yalikuwa ya kweli. Walikuwa wamekaa naye sebuleni kwa miaka. Mazoea hayohayo ndiyo humfanya shabiki aone ana haki ya kumwuliza staa kwa nini hajaoa, amenenepa kwa nini, na watoto wake ni wa nani. Pengo lililotajwa mwanzoni huumiza upande wa aliye maarufu: wanaodhani wanamjua ni wengi, na hana namna ya kuwajua.

Jina baada ya mwenye jina

Umaarufu mwingi hufa kabla ya mwenyewe. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, ni mmoja wa waliokwenda kinyume. Aliimba unyago na nyimbo alizojifunza kwa Siti kwa miongo mingi akijulikana hasa Unguja na miji ya mwambao, na dunia ikamgundua uzeeni. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX ya muziki wa dunia, na mwaka uliofuata filamu juu ya maisha yake ilitoka. Umri wake haukuwa na cheti, wengine wakisema amepita miaka 100, na utata huo ulinogesha simulizi kila alipopanda jukwaani, ikiwemo tamasha la Sauti za Busara. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kupitia yeye, vijana wa Ulaya waliomshangilia walikuwa wakisikia, bila kujua, nyimbo zilizotoka katika santuri za 1928.

Kwa waliokufa zamani, mbebaji wa mwisho ni maandishi na shule. Shaaban Robert alimhoji Siti binti Saad siku za mwisho za uhai wake na kuandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kilichosomwa na wanafunzi wengi. Waimbaji wa rika lake waliorekodi Mombasa na Unguja katika miaka ileile hawakupata mwandishi wa kiwango hicho, na majina yao yamebaki kwenye lebo za santuri na katika tafiti za wanahistoria. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988, kililiita Sauti ya Siti. Wasomaji wa jarida hilo walilielewa jina mara moja, ingawa wengi wao walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yenyewe, kwa kuwa gramafoni zilikuwa zimeondoka majumbani na santuri zilizosalia zilikuwa chache.